Mkwe na Sombe ya Kijani

Kabla ya kuingia mgahawa wa Kardamome, Clémence alikuwa ameapa mambo mawili: kwamba hatakula chochote humo ndani, na kwamba hakuna atakayegundua kuwa alitamani kula. La kwanza alilimudu karibu saa nzima. La pili lilimshinda mlangoni.

Harufu ndiyo iliyomshinda. Mwanamke aliyeuza sombe, yaani majani ya muhogo, na viungo sokoni Nyawera kwa miaka ishirini na minane hawezi kuiambia pua yake ikae kimya. Alisimama kwenye kizingiti, mkoba kwapani, akaanza kuhesabu: bizari nyembamba, imekaangwa kavu, iliki, tangawizi mbichi, kitunguu kilichoachwa kwenye mafuta mpaka karibu kiungue, lakini mtu alikuwa anakiangalia. Na nyuma ya hivyo vyote kulikuwa na kitu kingine, kichungu kidogo, kitamu kidogo, ambacho hakukijua. Hicho kimoja kilimkera. Yaani kuna mtu hapa Bukavu anapika na kitu ambacho Clémence wa Nyawera hakijui, na watu wamenyamaza tu.

"Mama, ingia basi, batu banataka kupita," binti yake Tatiana alimsukuma taratibu.

Tatiana alikuwa kitinda mimba wake, mwenye kazi katika ofisi ya shirika moja la misaada, na ndiye aliyepanga chakula hiki cha Jumapili baada ya misa ya pili. Kardamome ilikuwa na miezi minne tangu ifunguliwe, katika nyumba ya zamani kwenye mteremko wa kwenda Muhumba, na watu wa maofisini hawakuwa na habari nyingine. Ni chakula cha Kihindi, walisema, lakini cha hapa kwetu: sambaza za ziwani ndani ya unga wa dengu, bugali iliyochomwa kama chapati, sombe yenye jibini. Clémence aliposikia hayo mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu. Siku tatu baadaye alikuwa bado anaiwaza ile sombe.

Lakini hakuja kwa ajili ya sombe. Alikuja kumwona Guylain, mwanamume aliyetaka kumwoa Tatiana. Jumamosi iliyofuata wazee wa Guylain wangefika Mumosho, nyumbani kwa Philémon, kaka mkubwa wa Clémence, kumwomba binti. Baba yake Tatiana alikuwa ameshafariki, hivyo Philémon ndiye angekaa kwenye kiti cha kupokea wageni. Jibu, hata hivyo, alimwachia dada yake, na alimwambia waziwazi: "Miye nitakuuliza kitu moja tu: yule kijana, ulimuona? Ukisema ndiyo, tunapokea. Ukinyamaza, tunabapa kinywaji, banarudi kwabo."

Kwa hiyo Clémence alikuwa amebeba ndiyo au hapana ya binti yake ndani ya ule mkoba wa kwapani, pamoja na rozari na kitambaa cha pua. Na mpaka anafika mlangoni, hapana ndiyo iliyokuwa nzito zaidi.

Hapa nisimame kidogo, maana msomaji wa mbali anaweza kudhani huyu mama ni mtu wa maringo. Kwao Clémence, kule Luhwindja, mama hali chakula mbele ya mwanamume anayemwoa binti yake, wala mwanamume huyo hali mbele ya mama. Hakuna ugomvi wala uchawi ndani yake. Ni haya tu, na haya kwao ni kitu cha kupendeza. Wanasalimiana kwa mbali, wanaulizana habari za mvua na za mifugo, kisha kila mmoja anakwenda kutafuna kwake, mpaka mjukuu wa kwanza azaliwe na kulegeza mambo. Marehemu mume wa Clémence alikuwa fundi wa jambo hilo. Siku moja mama mkwe wake alitokea ghafla kwenye njia ya migomba wakati yeye ana ndizi mdomoni. Hakuitafuna, hakuitema. Aliihifadhi shavuni, akajibu maswali yote ya mama mkwe kwa kuitikia "mm" na kutikisa kichwa, mpaka bibi wa watu akaondoka akidhani mkwe wake ana jino bovu, na kesho yake akamtumia dawa. Clémence aliicheka ndizi ile kwa miaka mingi, na kusema kweli alimpenda mumewe kwa ndizi ile kuliko kwa vitenge vyote alivyowahi kumnunulia.

Sasa mwanamume anayemwalika mama mkwe wake hotelini, wakae meza moja, midomo ikitazamana! Ama hajui, ama anajua na hajali. Guylain alizaliwa Bukavu lakini alikulia Lubumbashi, na kazi yake ni kupanda minara ya simu na kurekebisha antena. Labda huko juu ya minara mambo ya heshima hayafiki. "Ni yeye njo alitaka, mama," Tatiana alikuwa amemwambia. "Alisisitiza sana." Clémence alisikia, akaapa viapo vyake viwili.

Guylain alikuwa amewatangulia. Alisimama kando ya meza ya dirishani, mrefu, shati la bluu lililopigwa pasi vizuri, mkono mmoja una mwavuli na mwingine una simu mbili, hivyo haikujulikana kama hakutoa mkono kwa sababu ya adabu au kwa sababu ya mizigo.

"Bonjour, maman. Habari ya misa?"

"Misa ilikuwa muzuri, papa. Habari ya kazi?"

"Kazi iko, maman. Mvua inatusumbua."

Basi. Walikaa. Meza yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba magoti ya watu watatu yalihitaji kuelewana. Guylain alikivuta kiti chake pembeni, akakaa upande upande, uso ameuelekeza ziwani, na Clémence akabaki kutazama sikio lake. Hata kututazama hataki, alijisemea. Tumemchosha kabla hatujaanza.

Msichana wa kuhudumia, Merveille, alikuja na menyu ndefu ya Kifaransa. Tatiana aliwaagizia wote. Hapo ndipo Clémence alipotoa sababu yake aliyoiandaa tangu kanisani.

"Miye mutaniacha. Niko nafunga."

"Siku ya Mungu?" Tatiana alimgeukia. "Mama, padri mwenyewe alisema leo ni sikukuu, tufurahi."

"Basi ni tumbo."

"Asubuhi ulikula mandazi mbili na chai, tumbo ilikuwa kimya."

"Njo imeamka sasa," alisema Clémence, na kufungua rozari yake ili mazungumzo yaishe.

Chakula kilipoanza kuja, rozari haikusaidia kitu. Kwanza sambaza: samaki wadogo wale wale wanaouzwa kwa vikombe kando ya barabara, lakini wamevaa ganda jembamba la dhahabu, wamelala juu ya mchuzi mweusi wa ukwaju. Tatiana alipomuuma mmoja ulisikika mlio. Clémence alijiuliza: wameutia nini ule unga mpaka ukavunjika hivyo? Soda? Au maji ya baridi? Kisha bugali, iliyokatwa vipande vyembamba na kuchomwa mpaka ikapata madoa meusi, imepakwa siagi. Bugali na siagi! Alitaka kukasirika lakini alijikuta ameinama kuinusa.

Guylain hakuonja chochote. Alikuwa amechukua kipande kimoja, akakiweka kwenye sahani, akakitazama kwa namna ambayo Clémence hakuielewa, halafu simu yake ikaingia sikioni.

"Samahani, maman. Antenne ya Mumosho imeanguka. Bananiita."

Akatoka haraka. Clémence alimfuata kwa macho. Mtu anayetafuta mtandao hutoka nje, kwenye baraza ya mbele ambako wateja wengine walikuwa wanapiga simu zao kwa kelele. Guylain alipita njia ya ndani, ya kuelekea nyuma.

"Siku ya Jumapili pia?" aliuliza.

"Kazi yake iko vile, mama," Tatiana alijibu, lakini naye alikuwa anatazama ule mlango wa nyuma.

Guylain alirudi baada ya dakika tano, akapangusa midomo kwa kitambaa, akakaa tena upande upande. Aliulizwa kama antena imepona, akasema imepona nusu. Baada ya muda mfupi aliinuka tena, simu sikioni, akiitikia "oui, oui, chef". Safari hii Clémence alikuwa tayari. Kioo cha simu ile kilikuwa cheusi tititi. Hakuna aliyekuwa akimpigia. Mwanamume alikuwa anaongea na simu iliyozimwa.

Hapo moyo wake ukashuka kabisa. Kutojua mila ni jambo la kufundishika. Uongo mezani, mbele ya mama wa binti unayemwomba, huo haufundishiki. Alifikiria Jumamosi, na kiti cha Philémon, na jinsi atakavyonyamaza. Alimtazama Tatiana, aliyekuwa anazungusha kipande cha bugali bila kukila, akamwonea huruma.

"Mama," Tatiana alisema kwa sauti ndogo, "unamukatala?"

"Sijasema kitu."

"Njo vile unafanyaka wakati unakatala. Haukuli, hausemi. Angalau ungeonja. Alitupokea vizuri, na weye unamukalia kama mutu ako ku matanga." Macho yake yalijaa machozi. "Miye namupenda, mama. Ukinyamaza Jumamosi, utaniuwa."

Clémence alifungua mkoba, akamsogezea kitambaa cha pua. Na ndipo, kama kwa makusudi, Merveille aliweka sombe mezani.

Ilikuwa ya kijani.

Ni lazima uelewe maana yake. Sombe inatwangwa, inachemshwa, na inaendelea kuchemshwa. Usipoichemsha vya kutosha itakuumiza, kila mama anajua hilo. Na inavyochemka ndivyo inavyopoteza rangi, mpaka inafika mezani imekuwa nyeusi nyeusi. Clémence alikuwa amepika na kuuza sombe tangu akiwa msichana, hajawahi kuona iliyoiva ikiwa na rangi ya jani lililochumwa asubuhi. Juu yake kulikuwa na vipande vyeupe vya jibini, vimekaangwa pembeni. Na mvuke uliopanda ulileta ile harufu ya mlangoni, ile asiyoijua.

"Mutoto wangu," alimwita Merveille, "hii sombe ilipikwa saa ngapi?"

"Masaa mbili na nusu, maman."

"Haiwezekani."

"Chef anasimamaka pale na saa ku mukono, maman. Hapunguzi."

Clémence alichukua uma, akaichimbua sombe, akaiangalia chini kama kuna hila. Aliisugua kidogo kati ya vidole viwili: imelainika, imeiva, hakuna ubishi, na ilitwangwa kwenye kinu, si mashine, maana nyuzi zilikuwa bado zipo. Alivitazama vidole vyake vya kijani. Akili yake ilikataa na macho yalikubali. Kiapo cha kwanza, ukikichunguza vizuri, kilikuwa kinahusu kula mbele ya mkwe, na mkwe hakuwepo. Lakini angeweza kurudi wakati wowote na kumkuta mdomo umejaa. Hapo mezani haiwezekani, aliamua. Jikoni je?

"Naenda kunawa mikono," alimwambia Tatiana, akapita ile njia ya ndani, mkoba kwapani, haraka kuliko mtu mwenye tumbo.

Jiko la Kardamome lilikuwa pana na safi, na katikati yake kulikuwa na pipa la udongo lenye moto chini, ambalo kwa siku nyingine lingemtosha kuuliza maswali mpaka jioni. Mpishi, mwanamume wa miaka arobaini hivi mwenye kofia nyeupe, aligeuka na kushtuka kumwona.

"Maman, toilette iko upande ile."

"Sitafuti toilette. Weye njo ulipika ile sombe?"

"Ni miye, maman. Zagabe."

"Zagabe wa wapi?"

"Wa Kabare, maman. Lakini nilikaa Kampala miaka kenda, mu cuisine ya mama mumoja Muhindi. Njo alinifundisha."

"Na yeye alikufundisha sombe?"

"Hapana, maman. Sombe nilimufundisha miye."

Clémence alimpenda mara moja. Alijitambulisha kuwa ni Clémence wa Nyawera, upande wa majani mabichi, na Zagabe akavua kofia, maana jina hilo lilikuwa linajulikana kwa watu wenye kinu. Basi akamweleza kila kitu bila kuficha, kama mafundi wanavyoelezana.

"Sombe yenyewe inakuwa nyeusi kama ya kwako, maman. Lakini nachukua lengalenga, natia mu maji ya moto dakika moja tu. Natoa, narusha mu maji ya baridi sana, nasaga. Ile inaingia ya mwisho, moto umekwisha kuzimika. Njo inarudisha rangi."

"Lengalenga!"

Alishika kiuno. Miaka ishirini na minane amepanga mafungu ya sombe na mafungu ya lengalenga, mchicha wa kila siku, kwenye meza moja, yakigusana, na haikumjia kamwe kuyakutanisha kwenye sufuria kwa namna hiyo. Alijisikia mjinga na alijisikia msichana, vyote kwa pamoja. Zagabe alifungua kopo, akasugua majani makavu kiganjani na kumsogezea puani. Ndicho! Kichungu kidogo, kitamu kidogo.

"Uwatu, maman. Majani yake. Wahindi banaikausha."

Alimpakulia sahani ndogo, sombe na kipande cha jibini na bugali ya moto, akampa kijiko. Clémence aliinua kijiko kile, mate yamemjaa mdomoni, na katika kugeuka atafute mahali pa kuegemea akaona shati la bluu.

Lilikuwa kule mwisho wa jiko, kati ya rafu ya sufuria na magunia ya mchele. Guylain alikuwa ameketi juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, mgongo ameuelekeza mlangoni, uso ukutani kabisa, magoti karibu na kidevu. Juu ya gunia la karibu zilikuwa simu zake mbili, zimezimwa. Viwiko vyake vilikuwa vinakwenda. Mwanamume alikuwa anakula kwa njaa ya kweli, akiwa amekunjamana kwenye pembe ile kama mtu anayejificha mvua.

Clémence alimtazama Zagabe. Zagabe alimsogelea na kunong'ona.

"Alikuja mbele ya saa tano, maman, peke yake. Aliniambia: chef, mama-mukwe wangu njo amechagua kukuliya hapa, siwezi kumukatala. Lakini siwezi kukula mbele yake, bibi yangu wa Luhwindja atafufuka anipige. Unipe fasi mu cuisine, nitakuwa nakuja kidogo kidogo."

Mama mkwe wangu ndiye amechagua. Clémence alilirudia neno hilo kimoyomoyo, na taratibu akaona mambo yote yalivyosukwa. Kwa mama, Tatiana alisema Guylain ndiye aliyetaka. Kwa Guylain, alisema mama ndiye aliyetaka. Yule mtoto wa ofisini, aliyedhani haya ni kitu cha kizamani cha kusukumwa kando kwa siagi na ukwaju, alikuwa amewakalisha watu wawili mezani ambao kila mmoja alikuwa anakufa njaa kwa kumheshimu mwenzake. Na kile kiti cha upande upande! Na lile sikio! Alikuwa anaficha mdomo, maskini, hata kabla chakula hakijafika.

Sauti ya Clémence si ya kunong'ona. Miaka ya soko iliimaliza. Guylain alikuwa ameshaisikia tangu neno la lengalenga. Sasa kijiko chake kilikuwa kimesimama hewani. Masikio yake, yale yale, yalikuwa yamewaka mekundu. Hakugeuka. Alikaa vile vile, shavu moja limevimba, hatafuni, hamezi.

Clémence aliliona lile shavu na machozi yakamtoka bila kumwomba ruhusa. Ndizi ya marehemu mumewe ilikuwa pale, kwenye shavu la kijana wa Lubumbashi, nyuma ya magunia ya mchele.

Angeweza kuondoka. Labda ilimpasa aondoke. Lakini sahani ilikuwa mkononi na ilikuwa ya moto, na mila aliyofundishwa ilimkataza kuona mdomo wa mkwe, haikusema lolote juu ya mgongo. Alivuta kigoda, akaketi hapo hapo alipokuwa, mgongo wake akauelekeza kwenye mgongo wa Guylain, uso kwenye pipa la udongo. Akala.

Ee, ilikuwa tamu! Uchungu wa uwatu ulikuja mwanzoni, halafu sombe ile ya nyumbani, nzito, yenye mawese, halafu lile jibini la chumvi. Alitafuna polepole ili ajue kila kitu kimeingia saa ngapi. Nyuma yake kulikuwa kimya. Alipofika nusu ya sahani akaita, bila kugeuka:

"Papa Zagabe! Kama kuko mutu mwenye njaa humu ndani, umuongeze sambaza. Akule pole pole. Hakuna mwenye anamufukuza."

"Ndiyo, maman," alisema Zagabe, akiuma midomo asicheke.

Kisha, nyuma yake, akasikia kijiko kikigusa sahani, mara moja, mara ya pili, halafu kikaendelea. Vijiko viwili viliendelea hivyo mpaka sahani zikaisha.

Clémence alitangulia kurudi mezani. Guylain alifuata baada ya muda wa adabu.

"Antenne imesimama, papa?" alimuuliza, akitazama ziwa.

"Imesimama muzuri, maman," alijibu Guylain, naye akitazama ziwa. "Haitaanguka tena leo."

Tatiana alimtazama mama yake. Alimtazama Guylain. Kwenye ukingo wa mkono wa shati la bluu kulikuwa na doa la kijani, na kwenye kitenge cha mama yake, karibu na goti, kulikuwa na jingine la rangi ile ile. Akafungua mdomo.

"Weye nyamaza," alisema Clémence. "Tutasemezana nyumbani, miye na weye. Kukula peke yako chakula ya batu batatu, haya hauna?"

Lakini alikuwa ameushika mkono wa binti yake chini ya meza, na hakuuachia mpaka chai ya viungo ilipoletwa.

Jumamosi, sebule ya Philémon kule Mumosho ilijaa mpaka watu wengine wakakaa kwenye kizingiti. Wazee wa Guylain walisema maneno yao marefu, wakajibiwa kwa maneno marefu zaidi, kama inavyotakiwa. Guylain mwenyewe aliketi karibu na mlango, macho chini, haruhusiwi kusema. Ndipo Philémon alipoinua mkono na kugeukia upande wa wanawake.

"Clémence, dada yangu. Bageni banangoja. Yule kijana, ulimuona?"

Clémence alisimama. Tatiana, aliyekuwa amefichwa chumbani kama desturi, alisogeza pazia kidole kimoja.

"Kaka, tulikuwa fasi moja, kuko chakula, kuko njaa," alisema Clémence. "Niliona mugongo yake."

Watu wakanong'ona. Shangazi mmoja wa upande wa pili akauliza kwa sauti hii ni lugha gani.

"Mugongo tu?" aliuliza Philémon.

"Mugongo tu. Mupaka mwisho ya chakula."

Philémon alikuwa mzee wa Luhwindja, aliyehamia Mumosho tu. Alilitafakari neno lile, akamtazama yule kijana mrefu mlangoni ambaye masikio yake yalikuwa yanawaka moto. Kisha tabasamu likaanza kumjia taratibu.

"Basi umemuona," alisema. Akawageukia wageni. "Mukae muzuri, bandugu. Tunapokea."

Vigelegele vilipopanda, Clémence alikuwa ameshaondoka. Alikuwa jikoni, mikono ya blauzi imekunjwa, akikorogea lengalenga iliyosagwa kwenye sufuria kubwa ya sombe, moto umeshazimwa, huku dada zake wakimzunguka na kumuuliza amefanya nini mpaka ikawa na rangi ile. Alichagua sahani iliyo nzuri kuliko zote, akaijaza mwenyewe, akaifunika, na kumpa mmoja wao.

"Hii ni ya mukwe wangu," alisema. "Umupelekee kule nyuma ya nyumba, umuwekee na kiti. Na mutu asimufuate."